Norton: timu ya mbio iliyokuwa ikishinda huku kiwanda kikizama (uzi mrefu)

Kona Kali:

Wakuu, juzi kwenye uzi wa superbike kuna mtu alisema Waingereza hawajawahi kuwa na timu yao ya maana, kwamba kazi yao ni kupanda Honda na Ducati za watu. Nilianza kumjibu palepale, jibu likawa refu kama treni, nikaona nilifungulie chumba chake.

Jibu ni Norton, kampuni ya pikipiki ya Waingereza. Na simulizi yake ni ya ajabu kidogo, kwa sababu hii timu ilikuwa na tabia moja: ikianza kushinda, ujue kiwanda kiko hoi. Nitawaonyesha imetokea mara ngapi.

Ya zamani nayapitia haraka. James Lansdowne Norton alianzisha kampuni Birmingham mwaka 1898. Mwaka 1907 mbio za TT zilipofanyika kwa mara ya kwanza kwenye kisiwa cha Man, Rem Fowler alishinda daraja la silinda mbili akiwa juu ya Norton, ingawa injini ilikuwa ya Peugeot ya Ufaransa (hiyo huwa hawapendi kuisema). Miaka ya 50 walikuwa na fremu iliyobatizwa Featherbed, yaani godoro la manyoya, na Geoff Duke akachukua ubingwa wa dunia wa madaraja ya 350 na 500 (huo ni ujazo wa injini kwa cc) mwaka mmoja, 1951. Mwaka 1961 Mike Hailwood akashinda Senior TT, yaani daraja kubwa la TT, kwa Norton. Shikeni huo mwaka 1961, tutaurudia.

Haikupita miaka miwili baada ya ushindi wa Hailwood, kiwanda cha Bracebridge Street, Birmingham, kikafungwa. Hiyo moja.

Miaka ya 70 wakaja na pesa za sigara za John Player. Kulikuwa na jamaa anaitwa Peter Williams, huyu ni mhandisi na dereva kwa pamoja, kitu ambacho leo hukioni. Injini aliyopewa ilikuwa ya kizamani, silinda mbili, nguvu ndogo kuliko za Wajapani. Akasema sawa, kama nguvu sina, nitashinda kwa wepesi na kwa kukata upepo. Akabuni pikipiki ambayo bodi yake ya bati ndiyo fremu yenyewe, na mwaka 1973 akashinda nayo Formula 750 ya TT. Nyuma yake akamaliza Mick Grant, naye kwenye Norton. Mwaka uliofuata Williams alianguka vibaya kwenye uwanja wa mbio wa Oulton Park, akaumia kiasi kwamba ndiyo ukawa mwisho wake wa mbio. Na kampuni nayo, ambayo tayari ilikuwa imeunganishwa na Triumph, kampuni nyingine ya pikipiki ya Kiingereza, ikasambaratika kabla muongo haujaisha. Hiyo mbili.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kiini.

Kutoka kwenye mabaki ya BSA, kampuni nyingine ya pikipiki ya Kiingereza iliyokufa, Norton walirithi mradi wa injini ya rota, ile isiyo na pistoni. Ndani yake kuna kitu mfano wa pembetatu iliyovimba mbavu, kinazunguka kwenye chumba chenye umbo la namba nane iliyonona. Haina vali, haina kamshafti, hakuna kinachopanda na kushuka. Miaka ya 80, Norton ikiwa kakiwanda kadogo pale Shenstone, injini hii wakaifunga kwenye pikipiki za polisi. Wateja wao wakubwa ndio walikuwa hao, askari wa barabarani. Nani angefikiria pikipiki ya polisi itakuja kuwapiga Wajapani?

Fundi aliyefikiria hivyo anaitwa Brian Crighton. Alikuwa mwajiriwa wa Norton, aliwahi kushindana mwenyewe. Alichukua injini ya polisi akaanza kuichokonoa, sehemu kubwa nje ya saa za kazi. Na alichogundua ni kitu ambacho ukikisikia unasema kumbe.

Injini ya rota inachemka vibaya katikati. Ile ya polisi ilipozwa kwa hewa inayopita ndani ya rota yenyewe. Sawa. Tatizo, hewa hiyohiyo ikishapata moto ndiyo iliyopelekwa injini iivute. Hewa ya moto ni nyepesi, mafuta yanaungua pungufu, nguvu inakufa. Crighton akatenganisha njia. Alitumia kasi ya moshi unaotoka kwenye eksozi kufyonza ile hewa ya kupoza na kuitupa nje pamoja na moshi, kabureta zikabaki zinavuta hewa baridi safi. Nguvu ikatoka farasi 80 na kitu hadi kupita 120. Injini ileile.

Mwishoni mwa 1988 dereva Steve Spray akaipeleka uwanja wa mbio wa Brands Hatch akawapiga watu mbele ya umati. Waingereza walikuwa hawajaona pikipiki ya kwao ikiongoza mbio kubwa kwa miaka, uwanja ukawa kama harusi. Kampuni ya sigara ikarudi na pesa, pikipiki ikapakwa nyeusi na dhahabu kama ile ya Williams, na mwaka 1989 Spray akabeba ubingwa wa Uingereza wa Formula 1 (ya pikipiki, si ya magari) pamoja na Supercup ya 750. Msimu wao wa kwanza kamili! Timu ya watu wachache kutoka kakiwanda cha pikipiki za polisi.

Naendelea, msikae mbali.

Mzee wa Kabureta:

Mkuu uzi mtamu ila usiruke jambo. Ile pikipiki ilikuwa na utata. Wapinzani walilalamika kwamba ule ujazo ni wa kwenye karatasi tu. Kwenye karatasi 588, barabarani inakwenda kama lita moja na ushee. Wengine tuliita hiyo janja.

Kona Kali:

Mzee wangu, shikamoo kwanza. Nilijua utakuja na hilo.

Twende kwa hesabu. Rota ina pande tatu, kila upande ni chumba. Norton walihesabu chumba kimoja kwa kila rota: 294 mara mbili, unapata 588. Lakini rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu na vyumba vyote vitatu vimeshalipuka. Maana yake kila rota inalipua mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Injini ya pistoni ya mipigo minne, kila silinda inalipua mara moja kwa mizunguko miwili. Ukizilinganisha kwa mizunguko miwili, ile 588 imeshakula hewa ya 1,176.

Kwa hiyo waliolalamika walikuwa na hoja, sitakataa. Lakini angalia upande wa pili. Honda na Yamaha walikuwa na viwanda vizima vya kutengeneza vipuri vya mbio. Norton wanakopa vifaa. Fremu za alumini walitengenezewa na Spondon, karakana ya Derby. Mimi naona utata wa ujazo ndiyo ulikuwa mizani pekee waliyokuwa nayo, na sheria ziliwaruhusu.

Lami Moto:

Swali la mshamba. Kama ilikuwa tamu hivyo kwa nini wengine hawakuiga?

Kona Kali:

Inakunywa mafuta, mkuu. Na ina joto la kutisha, eksozi inatema moto ukiachia mafuta, ungeona picha za usiku. Halafu ukifunga mafuta kuingia kona injini haikushiki, inateleza tu kama haina gia, ni breki na moyo wako. Madereva waliozoea injini za mipigo miwili walielewana nayo haraka, waliotoka kwenye mipigo minne walijuta kwenye kona ya kwanza.

Basi, 1990. Dereva wao Robert Dunlop akashinda mara mbili North West 200, mbio za barabarani kule Ireland Kaskazini, kwenye TT akawa wa tatu Formula 1, na Trevor Nation akawa wa pili Senior. Ron Haslam naye akaingia timuni. Kwa nje timu inang'aa. Ndani? Crighton, mwenye injini yake, alikuwa ameshasukumwa pembeni na uongozi mpya wa timu, akaenda kujenga ya kwake akaiita Roton. Na kampuni ilikuwa inadaiwa kila kona.

Ndipo tunafika 1992.

Steve Hislop, Mskochi wa Hawick, alikuwa ndiye mfalme wa TT wakati ule, lakini mwaka huo akajikuta hana pikipiki ya maana ya daraja kubwa. Norton nao wana pikipiki hawana pesa. Wakakutana wenye shida wawili. Pesa za sigara hazikutosha kumbeba yeye, kwa hiyo pikipiki yake haikuwa nyeusi, ilikuwa nyeupe, na mdhamini wake alikuwa Abus, watengeneza kufuli! Wataalamu wengi walimwona amepotea. Ile rota haikuwahi kushinda TT, na mzunguko mmoja pale ni kilomita 60 na ushee, barabara ya kawaida yenye kuta za mawe, nyumba, na nguzo za simu. Senior ni mizunguko sita. Kilomita 364 na injini inayojulikana kwa kuchemka.

Kwenye mazoezi ikachemka kweli. Walichofanya mafundi ni kupunguza madigadi ya mbele ili upepo uingie kwenye rejeta. Naipenda sana hiyo. Mbio kubwa kuliko zote, na suluhisho ni msumeno.

Mpinzani alikuwa Carl Fogarty kwenye Yamaha. Fogarty ameanza na namba 4, Hislop namba 19. Kwa wasiojua, TT hamwanzi pamoja, mnaachiliwa kwa kupishana, mnashindana na saa. Kwa hiyo hawa wawili hawakuwa wanaonana. Kila mmoja anaendesha peke yake, na habari za mwenzake anazipata kwenye ubao ulioshikwa na mtu kando ya barabara, sekunde mbili mbele, sekunde moja nyuma, unaupita kwa kasi ya kufa. Saa moja na dakika 52 za namna hiyo.

Uongozi ulibadilika mara kadhaa, hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake. Mzunguko wa mwisho Fogarty alitoa kila kitu, akiwa juu ya pikipiki iliyochakaa ile mbaya, akaweka rekodi ya mzunguko ya maili 123.61 kwa saa, kama kilomita 199, wastani! Rekodi hiyo ilikaa hadi 1999, Jim Moodie alipoivunja. Fogarty akamaliza, akasimama, akabaki anasubiri saa ya mwenzake.

Hislop akafika. Amemshinda kwa sekunde 4.4.

Wa tatu Robert Dunlop, Norton nyingine. Norton haikuwa imeshinda Senior tangu Hailwood ule mwaka niliowaambia mshike. Miaka 31. Watu wazima walilia pale, na sisemi kwa kutia chumvi.

Rejeta:

Mkuu nimesisimka. Halafu kampuni ikafanya nini na ushindi huo?

Kona Kali:

Hapo sasa. Kampuni haikuwa na pikipiki ya kuwauzia watu kwa wingi! Ilikuwepo ya barabarani iliyoitwa F1, inafanana na ya mbio, ila zilitengenezwa chache na bei yake ilikuwa ya kukimbiza watu. Mtu katoka kushangilia, ana pesa mfukoni, anataka Norton, anakwenda dukani anakuta Honda. Ananunua Honda. Mwaka 1993 kampuni ikaangukia mikononi mwa wawekezaji wa Kanada.

Timu ya kiwanda ikafa lakini injini ikakataa kufa. Crighton alirudi na kikundi chake kidogo, wadhamini wakiwa Duckhams, watu wa oili, na meneja akawa Colin Seeley, mzee wa fremu na mbio za pikipiki za magurudumu matatu. Mwaka 1994 Ian Simpson akachukua ubingwa wa British Superbike juu ya rota hiyo, mbele ya timu zenye pikipiki za Kijapani na Kitaliano. Bingwa wa taifa, kwa injini ambayo mzizi wake ni pikipiki ya trafiki.

Msimu uliofuata sheria zikabadilishwa zifanane na za ubingwa wa dunia wa superbike. Rota haikuwa na nafasi tena. Mabingwa watetezi wakakaa nyumbani.

Mzee wa Kabureta:

Marahaba kijana, nilisahau kuitikia salamu. Ila huo uonevu wa 1995 usiukuze sana. Superbike maana yake pikipiki ya dukani iliyoongezwa makali. Ile rota ya Simpson duka gani lilikuwa linaiuza? Umesema mwenyewe kiwanda hakina cha kuuza. Sasa sheria ingewabeba mpaka lini?

Kona Kali:

Hapo umenibana, mzee. Nakubali. Ndiyo maana nasema tatizo la Norton halikuwa kwenye lami hata siku moja.

Linganisha na Triumph. John Bloor, tajiri wa kujenga nyumba, alinunua jina la Triumph mwaka 1983 likiwa marehemu. Akakaa kimya miaka, akajenga kiwanda kipya Hinckley, pikipiki zikatoka mwanzoni mwa miaka ya 90. Timu ya mbio? Hakuna. Aliangalia mashine za kiwandani, mauzo, na dhamana ya vipuri. Wakati huohuo Norton wanabeba makombe. Leo Triumph ni kampuni kubwa. Norton imeshazikwa na kufufuliwa mara ngapi?

Lami Moto:

Mimi napinga kidogo. Bila hizo mbio, Norton ingekuwa jina kama majina mengine ya Kiingereza yaliyokufa na hakuna anayeyakumbuka. Watu wanaendelea kulinunua kwa sababu ya akina Hislop. Jina ndiyo mali.

Kona Kali:

Hoja nzuri, na historia ya karibuni inakupa nusu ya pointi.

Mwaka 2008 jina likanunuliwa tena, kiwanda kikahamia Donington. Na kitu cha kwanza walichokimbilia? Mbio. TT ya 2009 wakaenda na rota mpya ya Crighton, dereva Michael Dunlop, mtoto wa yule Robert aliyekuwa wa tatu 1992. Robert alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla kwenye mazoezi ya North West 200. Ungedhani ni riwaya. Lakini pikipiki haikuwa tayari, haikufika popote. (Michael mwenyewe alifika: mwaka 2024 aliipita rekodi ya baba yake mdogo... samahani, baba yake mkubwa Joey, ya ushindi 26 wa TT.)

Baadaye wakaachana na rota, wakafunga injini ya Aprilia ya V4, yaani silinda nne zilizopangwa kama herufi V. Miaka ya kwanza aibu tupu. Kisha ikaanza kwenda, na 2018 Josh Brookes akazunguka kwenye TT kwa wastani wa zaidi ya maili 130 kwa saa, kama kilomita 210. Nilifurahi kama mtoto. Ningejikumbusha kanuni ya uzi huu nisingefurahi.

Januari 2020 kampuni ikawekwa chini ya wafilisi. Ikadhihirika kwamba pesa za pensheni za watu wa kawaida zilikuwa zimeingizwa humo kinyume cha sheria. Mmiliki alikiri mashtaka mahakamani, na mwaka 2022 akapewa kifungo cha miezi minane kilichoahirishwa. Hao wastaafu ndio walikuwa wadhamini halisi wa timu, na hakuna aliyewauliza.

Rejeta:

Hapo hata hamu ya kushangilia inaisha. Watu wameweka akiba ya uzeeni, nyinyi mnapaka rangi pikipiki.

Mzee wa Kabureta:

Na aliyeinunua baada ya hapo ni TVS ya India. Hao hao.

Lami Moto:

TVS hizi hizi za bodaboda??

Kona Kali:

Hizo hizo mkuu. Aprili 2020, pauni milioni 16. Wakajenga kiwanda kipya Solihull, jirani na Birmingham kulikoanzia mambo. Kitu cha kwanza walichofanya hakikuwa mbio. Waliichukua ile V4 wakaikagua upya, wakakuta kasoro, wakawatangazia wenye nazo kwamba zisiendeshwe. Mtu anayeuza pikipiki za kubebea mizigo na abiria anajua jambo moja ambalo Shenstone hawakulijua: mteja anataka iwake kesho asubuhi.

Lami Moto, ndiyo maana nakupa nusu ya pointi tu. Milioni 16 ni bei ya jina, kweli, na jina limetengenezwa na Williams, Spray, Hislop na Simpson. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyepata senti ya hiyo pesa.

Lami Moto:

Nusu naipokea. Na Crighton yuko wapi?

Kona Kali:

Bado yuko na rota yake. Mwaka 2021 alitoa pikipiki kwa jina lake mwenyewe, CR700W, ya uwanjani tu. Ujazo 690, nguvu farasi 220, uzito kilo 129.5. Bei ilikuwa pauni 85,000, na zilipangwa zitengenezwe 25 basi.

Mzee wa Kabureta:

690 kwa hesabu ya nani?

Kona Kali:

Mzee, tafadhali.